Mgeni wa Stillwater: Maneno Yaliyotangulia Mchezo wa Mwaka 1951

Mchezo wo wote wa mashindano huanza kabla ya filimbi kupulizwa. Huanza vinywani mwa watu, sokoni na barazani, katika vyumba vya wanafunzi na katika kurasa za magazeti, ambako mashabiki hupima nguvu za timu yao na udhaifu wa timu ya pili, hutabiri mabao, na huapa viapo visivyokuwa na kafara. Wenye hekima huyacheka maneno hayo, na mara nyingi ni haki yao kuyacheka, kwa sababu mengi hufa siku ya pili ya mchezo. Walakini wahenga walisema kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mwezi wa Oktoba, mwaka 1951, katika mji mdogo wa Stillwater, jimbo la Oklahoma, Marekani, lilisemwa neno juu ya kijana mmoja mgeni siku kadhaa kabla hajafika. Neno lile lilisikiwa na wengi. Likaja. Habari zake zastahili kusomwa na kila mtu apendaye kujua jinsi maneno ya umati yawezavyo kugeuka kuwa tendo la mkono.

Yafaa kwanza kueleza mchezo wenyewe, maana futiboli ya Wamarekani si kandanda ijulikanayo Afrika ya Mashariki. Mpira wake una umbo la yai. Hushikwa mikononi, hukimbizwa na hurushwa. Na timu mbili zenye wachezaji kumi na mmoja kila moja hugombea ardhi, yadi baada ya yadi, kwa kusukumana na kuangushana. Ni mchezo wa nguvu, na sheria zake zaruhusu kishindo ambacho kingekuwa kosa katika mchezo mwingine. Mchezo huu ulilelewa vyuoni. Ule uhesabiwao kuwa wa kwanza baina ya vyuo ulichezwa tarehe 6 Novemba, mwaka 1869, huko New Brunswick katika jimbo la New Jersey, ambapo vijana wa Princeton walikwenda ugenini kwa vijana wa Rutgers wakashindwa kwa mabao 6 kwa 4. Kwa hiyo safari ya kwenda kucheza ugenini ni ya tangu siku ya kwanza.

Baadaye vyuo vilijikusanya katika mashirikisho. Shirikisho lilipanga ratiba, likaweka sheria, na likatoa ubingwa. Chuo kisichokuwa katika shirikisho moja na chuo kingine kiliweza kukubali mwaliko wa mchezo au kuukataa. Bali vyuo vilivyofungamana katika shirikisho vilipeana ahadi ya kutembeleana. Mwaka huu mwenyeji, mwaka ujao mgeni. Katika ahadi hiyo mna haki mbili: haki ya mwenyeji kumtazamia mgeni wake aje, na haki ya mgeni kutazamia kwamba atarudi kwao salama. Haki ya kwanza iliandikwa katika ratiba. Haki ya pili haikuandikwa po pote, kwa kuwa ilidhaniwa kuwa yajulikana na kila mtu mwungwana.

Lakini kwa mchezaji mweusi haki ile ya pili haikujulikana. Tarehe 6 Oktoba, mwaka 1923, Jack Trice, mwanafunzi mweusi wa chuo cha Iowa State, alicheza ugenini dhidi ya Minnesota, akaumia vibaya uwanjani, na siku mbili baadaye akafa. Katika miaka iliyofuata, vyuo vingi vya kaskazini vilivyokuwa na wachezaji weusi vilishika desturi ya kuwaacha nyumbani kila timu za kusini zilipohusika. Desturi hiyo iliitwa mapatano ya waungwana, ingawa uungwana wake ulikuwa wa upande mmoja. Mwaka 1940 Chuo Kikuu cha New York kilipokuwa kikitazamia safari ya kwenda Missouri, wanafunzi wake waliandamana kudai kwamba mwenzao mweusi, Leonard Bates, achukuliwe pamoja na timu. Hakuchukuliwa; na mwaka uliofuata wanafunzi saba waliokuwa mbele katika madai yale walisimamishwa masomo. Mwaka 1946 mambo yalianza kugeuka. Chuo cha Penn State kilifuta mchezo wake wa Miami kuliko kwenda huko bila ya wachezaji wake weusi.

Mfano wa Penn State ulikuwa mzuri, lakini ulifaa kwa mchezo wa mwaliko tu. Ndani ya shirikisho mambo yalikuwa mazito zaidi. Shirikisho la Missouri Valley, lililoanzishwa mwaka 1907, lilikuwa katika mwaka 1951 limetanda kutoka Detroit kaskazini hadi Houston kusini. Ndani yake mlikuwa na vyuo vilivyowapokea wanafunzi weusi kwa miaka mingi, na mlikuwa na vyuo vilivyokuwa katika majimbo ambayo sheria yake iliwatenga watu weusi na weupe mashuleni. Oklahoma lilikuwa jimbo la namna ya pili. Chuo cha Kilimo na Ufundi cha Oklahoma, kilichojulikana kwa herufi A&M, kilimpokea mwanafunzi wake wa kwanza mweusi mwaka 1949 tu; na mwezi wa Juni, mwaka 1950, ndipo Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua, katika kesi iliyotoka jimbo lile lile, kwamba mwanafunzi mweusi aliyekwisha kupokelewa chuoni asitengwe na wenzake darasani wala mahali pa kulia chakula. Basi A&M, iliyokuwa ikijifunza polepole namna ya kuketi na mwanafunzi mweusi darasani, ilikuwa imefungamana kwa ratiba na Chuo Kikuu cha Drake cha Des Moines, jimbo la Iowa. Na Drake ilikuwa na Johnny Bright.

Bright alizaliwa mwaka 1930 mjini Fort Wayne, jimbo la Indiana. Huko Drake alikuwa ndiye apokeaye mpira mwanzo wa shambulio, akaukimbiza au akaurusha kama alivyoona vema, na katika kazi zote mbili alikuwa hodari. Mwaka 1949, akiwa katika mwaka wake wa pili wa masomo, aliongoza vyuo vyote vya Marekani kwa jumla ya yadi alizozipata, na mwaka 1950 akaongoza tena. Mwaka ule wa 1949 alikwenda Stillwater, akawa mchezaji wa kwanza mweusi kucheza katika uwanja wa A&M. Alicheza na akarudi salama. Tukio hilo halina budi kukumbukwa, maana laonyesha kwamba yaliyompata miaka miwili baadaye hayakuwa jambo lisiloepukika. Watu wa Stillwater walikwisha kumwona mgeni yule katika uwanja wao, na mbingu hazikuanguka.

Ilipofika katikati ya Oktoba, mwaka 1951, mashabiki wa Drake walikuwa na sababu ya kuyaangalia mambo yajayo kwa furaha. Timu yao ilikwisha kucheza michezo mitano na kushinda yote mitano. Bright, ambaye sasa alikuwa katika mwaka wake wa mwisho, alikuwa akiongoza tena nchi nzima, na jina lake lilitajwa miongoni mwa wale walioweza kupewa tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo. Drake ni chuo kidogo; si kila kizazi cha wanafunzi wake kilichobahatika kuona jina la mwenzao likitajwa pamoja na majina ya vyuo vikubwa. Mbele yao kulikuwa na safari ya zaidi ya maili mia nne kwenda Stillwater, siku ya Jumamosi, tarehe 20. Kushinda huko kungewapa mchezo wa sita bila ya kushindwa, na kungemwinua mchezaji wao zaidi.

Stillwater nako kulikuwa na matazamio. Ni jambo la kawaida mashabiki wa mwenyeji kumzungumza mchezaji hodari wa wageni, kwa kuwa timu imzuiayo hodari huyo imekwisha kupata nusu ya ushindi. Kusema kwamba fulani azuiwe, azungukwe, asipewe nafasi ya kupumua, ni lugha halali ya michezo. Lakini lugha ya Stillwater juma lile ilipita mpaka huo. Gazeti la wanafunzi wa A&M na gazeti la mji yote mawili yaliandika kwamba Bright alikuwa mtu aliyekwisha kutiwa alama; na wanafunzi kadhaa walisema wazi, bila ya kuficha, kwamba mchezo hautakwisha naye akiwa bado uwanjani.

Msomaji na ayapime maneno hayo. Mtu aweza kusema kwamba ni majigambo ya vijana, na kwamba kila juma la mchezo huwa na majigambo kama hayo. Hoja hiyo ina nguvu yake, na yamkini wengi waliosema maneno yale hawakukusudia zaidi ya kujitapa. Lakini kuna tofauti baina ya kusema kwamba mtu hatashinda na kusema kwamba mtu hatabaki. La kwanza lahusu mchezo. La pili lahusu mwili wake. Tena, mahali ambapo sheria na desturi zilikwisha kufundisha kwamba mwili wa mtu mweusi una thamani ndogo, majigambo ya namna ile hayakuwa maneno matupu. Yalikuwa kama moshi katika nyumba ya makuti: huenda ni wa jiko, huenda si wa jiko, bali mwenye akili huinuka akaenda kutazama.

Walioinuka kwenda kutazama walikuwa wapiga picha wawili. Don Ultang na John Robinson walikuwa watumishi wa gazeti la Des Moines Register, na uvumi wa Stillwater ulikuwa umewafikia. Wakasafiri kwa ndege kwenda Oklahoma, wakaziweka kamera zao mahali ambapo zingemfuata Bright, hata pale ambapo mpira haukuwa mikononi mwake. Hawakuwa na wakati mwingi, maana iliwapasa kuondoka mapema ili picha ziwahi kuchapishwa Iowa. Kama jambo lingetokea katika nusu ya pili ya mchezo, wasingelikuwapo.

Lakini halikungoja. Katika muda wa dakika saba za kwanza Bright alipigwa mara tatu na mchezaji wa ulinzi wa A&M, Wilbanks Smith, na mara zote tatu alianguka akapoteza fahamu. Kofia za siku zile hazikuwa na kinga ya uso. Katika pigo lililonaswa na kamera, Bright alikuwa amekwisha kumpa mwenzake mpira, naye amesimama nyuma, mbali na patashika, akiangalia mchezo unavyokwenda. Smith akamjia akampiga usoni kwa mkono na kiwiko. Taya lake likavunjika. Waamuzi hawakutoa adhabu. Hata hivyo Bright alisimama, na muda mfupi baadaye akaurusha mpira kwa mwenzake Jim Pilkington kwa bao la yadi 61. Kisha hakuweza kuendelea, akatolewa. Siku ile alipata yadi 75 tu; A&M ilishinda kwa 27 kwa 14, na mchezo ulikwisha Bright hayumo uwanjani, kama ilivyokuwa imesemwa.

Siku ya pili watu wa Iowa waliamka wakaziona picha sita zikifuatana katika gazeti lao. Hapo ndipo ilipodhihirika tofauti baina ya habari ya kusikia na habari ya kuona. Bila ya picha zile, tendo la Stillwater lingekuwa neno la Drake dhidi ya neno la A&M: huyu angesema aliumizwa kwa makusudi, yule angejibu kwamba mchezo ni mchezo. Bali picha zilionyesha mpira uliko na mtu aliko, na baina yao kulikuwa na uwanja mtupu. Gazeti la Life lilizieneza nchini pote katika toleo lake la tarehe 5 Novemba, na mwaka 1952 Ultang na Robinson wakapewa Tuzo ya Pulitzer.

Drake ilipeleka malalamiko yake kwa shirikisho. Wakuu wa A&M walikana kwamba kulikuwa na kusudi lo lote, na shirikisho halikutoa adhabu. Basi Drake ikajitoa katika Missouri Valley. Chuo kikuu cha Bradley, cha Peoria katika jimbo la Illinois, ambacho mchezaji wake hakuguswa, kikatoka pamoja na Drake kwa kuunga mkono haki. Kujitoa si jambo dogo: ni kuacha ratiba, mapato, ubingwa na majirani wa miaka mingi. Drake ilirudi katika shirikisho mwaka 1956, lakini timu yake ya futiboli haikurudi hadi mwaka 1971, yaani miaka ishirini kamili baada ya mchezo ule. Kizazi kizima cha mashabiki wa Drake hakikupata tena kungojea safari ya futiboli ya shirikisho lile.

Mwanahistoria hana budi kuwa mwadilifu kwa pande zote. Smith, katika uzee wake, alikana kwamba alimpiga Bright kwa sababu ya rangi yake. Yaliyomo moyoni mwa mtu ni siri yake na Mola wake, wala picha haziwezi kuyaonyesha. Bright mwenyewe aliamini kwamba rangi ilikuwa sababu, na magazeti ya juma lile yanaitia nguvu imani yake. Lakini kesi hii ni pana kuliko moyo wa kijana mmoja mpigaji. Lile lililotendwa na mkono mmoja lilikuwa limesemwa na vinywa vingi, limechapishwa, limesomwa, na limefika mbali hata likawasafirisha wapiga picha kutoka jimbo jingine. Wakuu wa chuo mwenyeji walikuwa na magazeti yale mezani pao. Wenye amri katika shirikisho walikuwa na siku za kutosha kupeleka onyo, au waamuzi wakali zaidi, au walau neno moja la kuwakumbusha wenyeji wajibu wao. Hakuna dalili iliyoonekana uwanjani kwamba lolote kati ya hayo liliwafikia wachezaji. Wahenga wasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Stillwater mgeni alikuja, na mwenyeji akapata jeraha la sifa ambalo halikupona kwa zaidi ya nusu karne.

Mambo mawili yalifuata katika mchezo wenyewe. Baraza la michezo ya vyuo lilirekebisha sheria zake juu ya mapigo yasiyo halali, na likaamuru kofia ziwe na kinga ya uso iliyo kamili zaidi. Bright alishika nafasi ya tano katika kura za tuzo ya Heisman, ambayo mwaka ule ilikwenda kwa Dick Kazmaier wa Princeton. Mwaka 1952 timu ya Philadelphia Eagles ilimchagua katika duru ya kwanza, lakini hakwenda. Alieleza baadaye kwamba angekuwa mchezaji wa kwanza mweusi wa timu ile, ilhali wachezaji wengi kutoka kusini walikuwa wakiingia katika michezo ya kulipwa, naye hakujua angetendewaje. Taya lililovunjika Stillwater likawa limemfundisha kuuliza swali hilo kabla ya kutia sahihi. Akaenda Kanada, akacheza Calgary na kisha Edmonton, akatwaa kombe la Grey pamoja na timu ya Edmonton katika miaka ya 1954, 1955 na 1956. Aliishi huko, akawa raia wa nchi ile, mwalimu, na mkuu wa shule. Alifariki mwezi wa Desemba, mwaka 1983, na leo mjini Edmonton ipo shule yenye jina lake.

Tarehe 28 Septemba, mwaka 2005, rais wa chuo cha Stillwater, ambacho tangu mwaka 1957 chaitwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma, alimwandikia rais wa Drake barua ya kuomba radhi. Ilikuwa miaka hamsini na minne tangu siku ya mchezo, na miaka ishirini na miwili tangu aliyeombwa radhi azikwe. Mwaka uliofuata Drake iliupa uwanja wake jina la Johnny Bright. Radhi iliyochelewa ni bora kuliko radhi isiyokuja, lakini haifiki masikioni mwa maiti. Na aliyeihitaji zaidi alikuwa amekwisha kuishi maisha yake yote bila ya kuisikia.

Hata hivyo Bright hakufa na uchungu. Katika miaka yake ya mwisho alisema kwamba anaona fahari kidogo kuwa taya lake lililovunjika liliifanya michezo ya vyuo kuwa bora zaidi, kwa kuwa liliwalazimisha wakuu kuyatazama maovu yaliyokuwamo na kuyasafisha. Hayo ni maneno ya mwungwana, naye alikuwa na haki ya kuyasema. Lakini mashabiki wangojeao mchezo ujao, katika nchi yo yote na kwa mpira wa umbo lo lote, hawana haki ya kuyachukua kama udhuru. Haikuwa lazima taya la mtu livunjike ili watu wazima wasikie neno ambalo lilikuwa limekwisha chapishwa gazetini. Ufa ulionekana siku kadhaa kabla ya tarehe 20 Oktoba, wakati ambapo kuuziba kungegharimu karatasi moja na sahihi ya mkubwa mmoja. Ukuta ulikuja kujengwa baadaye, kwa gharama ya miaka ishirini.